Nafasi Mbili Baada ya Uzamivu

Kwa furaha isiyo kifani, na kwa kuzingatia kifungu cha nne cha Mwongozo wake wa Ndani, Kituo cha Uratibu wa Watafiti wa Baada ya Uzamivu, Kanda ya Tarime na Serengeti, kiliutangazia umma kwamba nafasi mbili za utafiti zimepatikana. Ya kwanza ilikuwa ya ikolojia ya ndege. Ya pili ilikuwa ya sayansi za viungo.

Tangazo hilo niliandika mimi. Naitwa Daktari Nchagwa Mseti, Mratibu Mwandamizi, na naomba ieleweke mapema kwamba mimi nilisomea fizikia. Shahada yangu ya uzamivu inahusu jinsi sauti inavyosafiri kwenye hewa yenye vumbi. Najua kabisa kwamba fizikia si viungo. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "sayansi za kimaumbile, hususan fizikia". Mkurugenzi wetu, Daktari Simioni Waitara, aliikata kwa kalamu nyekundu.

"Mseti," alisema, "umma hauelewi maumbile. Maumbile ni mambo ya hospitali. Andika viungo."

Nikaandika viungo. Nina mke, watoto wawili na kiti kinachozunguka. Mtu mwenye kiti kinachozunguka habishani na kalamu nyekundu.

Udaktari wa Mkurugenzi ulikuwa wa heshima. Alitunukiwa na chuo kimoja cha ng'ambo ambacho mpaka leo sijakiona kwenye ramani, ila joho lake lilikuwa zuri na alilivaa hata kwenye kikao cha bajeti.

Kituo chetu kilikuwa na umri wa miaka sita. Katika muda huo hakikuwahi kupata mtafiti hata mmoja, hali iliyotuwezesha kuratibu bila usumbufu. Tulikuwa na fomu ya likizo ya mtafiti, fomu ya uhamisho wa mtafiti, na fomu ya kupotea kwa darubini. Darubini yenyewe hatukuwa nayo. Sasa mfuko mmoja wa utafiti wa ng'ambo ulikuwa umetuandikia kwamba uko tayari kuwaweka watafiti wawili katika kanda yetu kwa miezi ishirini na minne. Tulitakiwa kupeleka majina na mpango wa utafiti kabla ya mwisho wa mwezi. Tukichelewa, nafasi zinakwenda mkoa mwingine.

Mkurugenzi aliitisha kamati ya watu watano. Nikapewa heshima ya kuandaa masharti. Niliandaa kumi na saba, na hadi leo nakiri yalikuwa na mpangilio mzuri. Sharti la tatu lilimtaka mwombaji awe na uzoefu usiopungua miaka mitano katika nafasi ya baada ya uzamivu. Sharti la tisa lilitaka ndege watakaotafitiwa wawe wakazi wa kudumu wa kanda, wakithibitishwa kwa barua ya mtendaji wa kata.

Aliyeyasoma yote kumi na saba ni mtu mmoja tu, Agatha Mokami wa masjala, ambaye ndiye alikuwa katibu wa kamati. Alikuja ofisini kwangu na karatasi mkononi.

"Daktari," alisema, "mtu atapataje uzoefu wa nafasi ambayo hajawahi kupewa?"

"Ndiyo maana tunatafuta mtu mwenye juhudi," nikamjibu.

Alinitazama kidogo, akapiga mhuri, akaondoka.

Tangazo likabandikwa Tarime mjini, Nyamongo, Genkuru, Mugumu na Issenye. Maombi yakaja mia moja arobaini na matatu. Walimu wa michezo waliomba. Mabaunsa wa baa mbili za Nyamongo waliomba. Kijana mmoja aliyewahi kufagia kiwanja cha ndege aliomba nafasi ya ndege, akaambatisha picha yake akiwa na ufagio. Tuliwaita thelathini kwenye usaili.

Wa kwanza kuingia aliitwa Ombeni, jina ambalo Mkurugenzi alilihesabu kama dalili njema. Alikuwa mchimbaji mdogo, ametoka Kilimanjaro kufuata dhahabu, ana mabega kama mlango wa ghala.

"Una uzamivu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ninao, mzee."

"Wa kiwango gani?"

"Mita sitini. Kuna wengine wanaishia arobaini, pumzi inakata. Mimi nazama mpaka chini kabisa."

Mkurugenzi alinigeukia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na baada ya uzamivu huwa unafanya nini?"

"Napanda juu, mzee. Naoga. Nakula."

"Kwa miaka mingapi?"

"Saba sasa."

Huyo ndiye alikuwa mwombaji pekee aliyetimiza sharti la tatu. Tukampa alama themanini na mbili. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu kutoka chuo kinachoonekana kwenye ramani, nilimpa alama kumi na nane kati ya ishirini. Nilimkata mbili kwa sababu hakuwa na barua ya utambulisho.

Mwombaji wa kumi na tisa alikuwa Daktari Luciana Masalu.

Aliingia na vumbi la safari hadi magotini. Alikuwa ametoka Issenye kwa bodaboda mpaka Mugumu, kisha akapanda basi, na mikononi alishika madaftari manne yaliyofungwa kwenye kanga. Akasema, "Shikamooni," akasubiri aambiwe akae. Hakuna aliyemwambia, akaendelea kusimama.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya ikolojia ya ndege, na tangu aipate hakuwa na ajira. Alikuwa akijitolea kufundisha biolojia kwenye shule ya sekondari kule Issenye, na asubuhi kabla ya vipindi alihesabu kweleakwelea. Alikuwa amewahesabu misimu minne.

Mkurugenzi alifungua jalada lake. "Hizi ndege zako zinatua wapi? Musoma au Seronera?"

"Wanatua kwenye mtama, mzee."

Agatha akaandika jambo kwenye muhtasari.

Luciana akaeleza, bado amesimama. Kweleakwelea hawaji kwa bahati mbaya, alisema. Wanafuata mbegu za nyasi. Mvua ikinyesha, mbegu zinachipua, ndege wanakosa chakula, ndipo wanahamia kwenye mtama na ulezi wa watu. Ukipima mvua na ukajua siku nyasi zilipochipua, unaweza kutaja wiki watakayofika. Akipatikana mtu wa kusikiliza kundi alfajiri kwa vyombo, kutoka mbali, unaweza kutaja hata siku.

"Kuna mama mmoja jirani yangu, anaitwa Teresia Robi," alisema. "Mwaka jana alilinda shamba lake wiki tatu. Siku moja akaenda msibani. Aliporudi alikuta mabua. Watoto wake wawili wakarudishwa nyumbani na shule. Angejua siku, angevuna mapema. Kazi yote ni hiyo, kujua siku. Ninahitaji mtu wa fizikia, anayejua mambo ya sauti."

Nikaitazama meza. Ilikuwa meza safi sana.

"Hao ndege ni wakazi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hapana, mzee. Ni wahamaji."

"Sharti la tisa," alisema Mkurugenzi, na nikaweka alama ya mkasi. "Na wewe mwenyewe ni wa wapi?"

"Nimezaliwa Nyamongo."

"Masalu si jina la Nyamongo."

"Baba alitoka Shinyanga. Alikuja kuchimba."

"Kwa hiyo ni wahamaji pande zote mbili."

"Tofauti ni kwamba baba alikula mtama aliolima mwenyewe," alisema Luciana.

Agatha alikohoa ndani ya jalada. Tulimpa Luciana alama thelathini na moja. Alipoteza alama kwa kukosa uzoefu, kwa ukazi wa ndege, na, kama ilivyoandikwa kwenye muhtasari, kwa kumsahihisha mwenyekiti juu ya maana ya ndege.

Nilimkuta kwenye korido baadaye. Alikuwa akifunga madaftari yake upya.

"Daktari Mseti," alisema, "nilisoma tasnifu yako."

Nilidhani nimesikia vibaya. Tasnifu yangu ina kurasa mia mbili na kumi. Mke wangu aliwahi kuitumia kuegemezea dirisha.

"Sura ya nne," aliendelea. "Ile ya vumbi. Niliisoma mara mbili. Nikajua kumbe kuna mtu huku huku kwetu anayeweza kulisikia kundi kabla halijaonekana." Akatoa bahasha kwenye kanga. "Huu ni mpango wangu kamili, kurasa ishirini na mbili. Nikuachie uusome kwa utulivu. Pengine kamati itaelewa ukiieleza wewe."

Nikaupokea kwa mikono miwili. "Tuko pamoja," nikamwambia.

Niliuweka kwenye droo.

Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, kamati ilikaa kufanya uamuzi. Ombeni alikuwa anaongoza nafasi zote mbili, lakini mfuko ulitaka nakala ya cheti na Ombeni alikuwa na cheti cha darasa la saba. Mkurugenzi akavua miwani.

"Ndugu wajumbe," alisema, "ni dhahiri kwamba umma haujafikia kiwango. Katika hali kama hii kiongozi hakwepi mzigo. Nafasi ya ndege nitaibeba mimi. Ya viungo ataibeba Mseti."

Wajumbe wakapiga makofi. Nami nikapiga, ingawa nilikuwa nikijipigia mwenyewe. Nilijiambia kwamba angalau sasa nafasi ya fizikia imekwenda kwa mtu wa fizikia. Mtu akitaka kujidanganya, hoja hazimpungukii.

"Mpango wa utafiti je?" aliuliza Agatha.

"Mseti anao mmoja kwenye droo," alisema Mkurugenzi. Sijui alijuaje. Ofisi yetu haikuwa na watafiti, lakini habari ilikuwa nazo. "Badilisha jina. Na ubadilishe maneno, mura, usifanye uvivu."

Nilifunga mlango wa ofisi yangu, nikauchapa mpango upya. Nilibadilisha jina. Nilipofika aya ya pili ya ukurasa wa kwanza nilijaribu kubadilisha maneno, lakini kila nilipoligusa neno moja sentensi nzima ilikuwa mbaya zaidi. Ilikuwa Ijumaa na jua lilikuwa kali. Nikanakili kurasa zote ishirini na mbili kama zilivyo. Kuna kitu kilinikaa kifuani wakati huo. Nikanywa soda baridi. Hakikuondoka. Nikabonyeza kitufe, ukaenda.

Baada ya wiki saba mfuko ulituma ujumbe mfupi: mpango umepita, barua rasmi inafuata.

Mkurugenzi hakuisubiri barua. Aliamini, kwa mantiki yake, kwamba utafiti wa mfuko wa ng'ambo hufanyika ng'ambo. Akashona suti ya kijivu na kununua koti la baridi. Akawaandikia makao makuu barua ya kuaga, akasema anaitwa na sayansi ya dunia. Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wa Tarime mjini. Ng'ombe alichinjwa, kwaya ikaimba, na Mkurugenzi akavaa joho juu ya suti mpya, akatoa nasaha ya saa moja na nusu kuhusu vijana kutopenda kusoma. Makao makuu yakamjibu haraka kuliko yalivyowahi kujibu jambo lolote. Yakampongeza kwa uzalendo, na yakamteua Agatha Mokami kukaimu ukurugenzi.

Barua rasmi ya mfuko ikafika Jumatano. Kwa kuwa ilielekezwa kwa Mkurugenzi wa Kituo, aliifungua Agatha. Alituita sote ukumbini, pamoja na Mkurugenzi aliyeaga, ambaye bado alikuwa akija kila siku kuangalia kama tiketi imefika.

Agatha alisoma kwa sauti ile ile anayosomea muhtasari.

"'Tunawapongeza kwa mpango bora kuliko yote tuliyopokea mwaka huu. Wataalamu wetu wamebaini kwamba sehemu zake kubwa zinalingana, neno kwa neno, na makala za Daktari Luciana Masalu, pamoja na kosa lake moja la tahajia ambalo analirudia kila mara. Tumeguswa mno. Ni nadra kuona viongozi wa taasisi wakiomba kufanya kazi chini ya mtafiti kijana, tena kwa unyenyekevu wa kutobadilisha hata nukta.'"

Alinyanyua macho, akatutazama mmoja mmoja, akarudi kwenye karatasi.

"'Kwa hiyo nafasi ya kwanza, pamoja na uongozi wa mradi, tumempa Daktari Masalu, ambaye tumeshawasiliana naye. Nafasi ya pili, ya fizikia, ni ya Daktari Mseti, akikubaliwa na kiongozi wa mradi. Kuhusu Bwana Waitara, tumeona kwamba udaktari wake ni wa heshima. Hatuna nafasi ya mtafiti wa heshima, lakini kwa kuthamini moyo wake tumefungua nafasi ya msaidizi wa heshima wa uwandani. Kituo cha kazi ni Issenye. Kuripoti ni Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri.'"

Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kusema.

"Nafuta kuaga."

"Mzee," alisema Agatha kwa heshima kubwa, "kufuta kuaga kunahitaji kibali cha makao makuu. Nimeangalia. Fomu yake hatuna."

Nilienda Issenye Jumamosi, kabla ya wakati, kwa sababu nilitaka kuonana na Luciana bila mashahidi. Nilimkuta nje ya nyumba ya walimu akifua. Nilikuwa nimeandaa barua ya kuomba radhi, kurasa nne, yenye utangulizi, chimbuko la tatizo, changamoto zilizojitokeza na mapendekezo. Alijifuta mikono, akaisoma akiwa amesimama. Hakuimaliza.

"Umeusoma mpango wangu?" aliuliza.

"Niliunakili wote."

"Nimeuliza kama umeusoma."

Nilifikiria kumdanganya. Nilikuwa na uzoefu wa miaka sita.

"Hapana," nikasema.

"Watu wanasema uliacha maneno yangu makusudi, ili nijulikane. Mama Teresia anataka kukupa kuku."

Hapo, ndugu msomaji, palikuwa na mlango uliofunguliwa wazi. Mtu mwerevu angepita na kuku wake mkononi.

"Nilikuwa mvivu," nikasema.

"Nilijua." Alinirudishia barua. "Nilipoambiwa matokeo nililia siku mbili. Si kwa sababu ya kamati. Wale hawajui kitu. Ni kwa sababu yako, wewe unajua." Akarudi kwenye beseni lake. "Nenda ukausome. Jumatatu uje. Nahitaji masikio, na wa kuchagua sina."

Nikausoma usiku ule na kesho yake. Ulikuwa mzuri hata nikaona aibu ya aina ambayo sikuwa nimeizoea, kwa maana haikuwa na mtu wa kuielekeza kwake isipokuwa mimi.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, Mkurugenzi aliripoti akiwa na suti ya kijivu. Nafikiri alitegemea patakuwa na meza kuu. Palikuwa na shamba, umande, na Teresia Robi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye wakulima walikuwa wamemchagua kusaini mahudhurio yetu. Alimtazama Mkurugenzi kuanzia kola mpaka viatu.

"Shikamoo, tata," alimwambia. "Hiyo nguo itakusumbua."

Ilimsumbua. Kufikia wiki ya pili alikuwa na kaptula, kofia ya ukili na debe. Kazi yake kwenye mkataba iliitwa "usimamizi wa mwitikio wa kiakustika". Kwa lugha ya Issenye, alifukuza ndege. Mwanzoni alilipiga debe kama mtu anayemkemea karani.

"Tata, usilipige kwa hasira," Teresia alimwelekeza. "Ndege anaizoea hasira. Piga, nyamaza, halafu piga pale ambapo hakutegemea."

"Ndivyo nilivyokuwa naendesha Kituo," alisema Mkurugenzi. Hakuna aliyejua kama ni mzaha.

Kwa upande wa fizikia, mchango wangu ulikuwa mkubwa. Nilisimika vinasa sauti sita kwenye miti, nikaviunganisha na kompyuta. Asubuhi ya kwanza mashine ilitangaza kundi la kweleakwelea milioni mbili kutoka kaskazini. Tulikimbia na madebe. Ilikuwa bodaboda yenye ekzosi iliyotoboka. Asubuhi ya nne ilitangaza milioni tatu, na hao walikuwa wanakwaya wa kanisani wakipasha sauti. Kisha nikabuni spika za kutoa mlio wa tai ili kuwatisha ndege. Kweleakwelea wakaja, wakatua juu ya spika. Luciana aliandika hayo yote kwenye daftari lake bila kutabasamu, akaniambia nirudie sura yangu ya nne, sehemu ya vumbi, kwa kuwa ni dhahiri sijaielewa.

Niliirudia. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimekokotoa unyevu wa alfajiri kana kwamba tuko jangwani. Nilirekebisha, na kuanzia hapo bodaboda zikawa bodaboda.

Mvua za mwanzo zilinyesha, Luciana akazipima kila siku kwa makopo yaliyopangwa kutoka shuleni mpaka ng'ambo ya korongo. Nyasi zikachipua. Akataja wiki. Wakulima wengi walimsikiliza, wengine wakasema binti wa wachimbaji atajuaje mtama. Katika wiki hiyo, siku ya Jumanne, kabla jua halijatoka, nikasikia kwenye vinasa vya upande wa migunga sauti kama ya mvua inayokuja juu ya bati, mbali sana. Mbingu ilikuwa safi. Nilivua vifaa vya masikioni nikampa Luciana. Alisikiliza muda mrefu.

"Wako wapi?"

"Kilomita kumi na nne," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya utumishi kutaja namba niliyokuwa tayari kuitetea.

"Ijumaa," alisema. "Ijumaa asubuhi watakuwa hapa."

Teresia alizunguka boma kwa boma na sauti yake ile. Watu wakavuna Jumanne, Jumatano na Alhamisi, hata waliokuwa wakicheka. Mtama uliingia ghalani ukiwa haujakauka vizuri, lakini uliingia. Lilibaki shamba moja tu, la Teresia mwenyewe. Alikuwa amepanda mara mbili kwa sababu ng'ombe wa jirani walivamia miche ya kwanza, na mtama wake bado ulikuwa na maziwa. Hauvuniki.

"Basi tutalilinda sote," alisema Luciana.

Ijumaa hiyo hiyo Agatha alimleta mgeni rasmi kutoka makao makuu, aliyetaka kujionea mradi. Alikuwa mpya kazini, kijana mwenye miwani ya jua na hotuba mfukoni. Magari yao yalifika dakika chache kabla ya ndege.

Kweleakwelea walikuja kama moshi, wakageuka, wakawa kamba, wakawa moshi tena. Walipita juu ya mashamba yaliyovunwa bila kutua. Ndipo wakaliona la Teresia. Tulikuwa watu kama sitini tumelizunguka, na madebe, na sufuria, na mabati ya zamani. Sijawahi kusikia kelele kama ile, na kelele ni taaluma yangu. Mgeni rasmi alifungua hotuba yake, akasoma ukurasa mzima, na hakuna aliyesikia neno. Kundi lilishuka, likapanda, likashuka upande ule ambao Mkurugenzi alikuwa amesimama peke yake. Alinyamaza. Ndege wakakaribia masuke. Akapiga. Wakainuka wote kwa pamoja, wakaelekea mbugani. Teresia alikaa chini kwenye tuta, akaziba uso kwa kitenge.

Kulipotulia, mgeni rasmi alitembea hadi kwa Mkurugenzi. Hakumfahamu. Aliona mzee mwenye kaptula na matope, akijipangusa jasho kwa kofia ya ukili. Nilikuwa karibu, nikiokota waya zangu.

"Hongera, mzee wangu," alimwambia kwa upole wa watu wanaotembelea vijiji. "Nimekuangalia. Una kipaji. Ulisoma mpaka wapi?"

Mkurugenzi aliivaa tena kofia yake.

"Usione aibu," mgeni aliendelea, akamshika bega. "Elimu haina mwisho. Siku hizi zinatangazwa nafasi za utafiti za kila aina, hata kwa watu wazima. Ungejaribu kuomba."

"Niliomba, mheshimiwa," alisema Simioni Waitara. "Nikapata. Ndiyo hii."

Kisha akamsogeza mgeni pembeni kwa mkono, si kwa ukali, akalinyanyua debe, kwa sababu kundi la pili lilikuwa linageuka.